Kioo Kinachoua Ndege Huanzia Kwenye Ramani

Asubuhi moja nilikuta alama kwenye kioo cha dirisha langu: umbo la ndege mzima, mabawa yametanuka, limechoreka kwa vumbi laini la manyoya yake. Mwenyewe alikuwa amelala chini, bado ana joto, mwepesi kama pamba kiganjani. Alama ile sikuifuta siku hiyo.

Kiswahili kina neno moja tu, kioo, kwa kile cha dirishani na kile cha kujitazamia. Ndege huuawa na vyote viwili. Akiona mti na anga ndani ya kioo, huufuata mti. Akiona maua ng'ambo ya kioo, hajui kwamba katikati pana ukuta. Usiku, taa zilizoachwa zikiwaka humvuta yule aliye safarini kuhama.

Makadirio ya kisayansi ya mwaka 2014 yalisema majengo ya Marekani huua ndege kati ya milioni 365 na 988 kila mwaka. Usidhani ni maghorofa marefu yanayoongoza. Hayo hayafikishi hata asilimia 1. Wengi hufa kwenye nyumba za kawaida na majengo ya ghorofa chache, palepale tunapopanda bustani mbele ya kioo kipana.

Kinachoniuma ni kwamba dawa inajulikana. Kule Chicago, jengo la mikutano la McCormick Place liliua ndege karibu 1,000 usiku mmoja wa Oktoba 2023. Kwa zaidi ya miaka 40, watu wa makumbusho walikuwa wakiokota mizoga pale. Mwaka uliofuata vioo vikabandikwa vitone vidogo ili ndege aone kwamba pana kizuizi, na vifo vikapungua kwa takriban asilimia 95. Vitone tu!

Kwa hiyo simlaumu fundi wala mwenye nyumba. Namlaumu msanifu anayechora ukuta wa kioo kitupu leo hii, wakati kioo chenye vitone kinaweza kuagizwa tangu ramani ikiwa mezani. New York ilipitisha sheria ya jambo hili mwaka 2019. Stika moja ya mwewe, ile ya kutishia ndege, haisaidii, ndege huikwepa akagonga pembeni yake. Vitone vienee kioo kizima, kwa nje, nafasi kati yake isizidi sentimita 5.

Wapo wanaosema vinaharibu mandhari. Dirisha langu nimelichorea vitone vyeupe. Siku mbili za kwanza niliviona. Sasa nikikaa pale naona mti, na ndege juu yake.