Si rahisi kama makala inavyosema

Makala inasema kwamba mjenzi wa nyumba chache England, Uingereza, akikosa nafasi ya kuongeza bayoanuwai (wingi wa viumbe hai) kiwanjani, ananunua yuniti, yaani vipimo vya thamani ya makazi ya viumbe, kwingine na kazi imekwisha. Haijaisha. Chukua hekta 0.2 za nyasi za kawaida zenye hali ya wastani: ukubwa 0.2 × alama 2 za aina ya nyasi × alama 2 za hali yake, yaani yuniti 0.8. Ongeza asilimia 10 inayodaiwa na sheria, unatakiwa kufikia 0.88. Bustani za nyumba hizo, tuseme hekta 0.08, zitakurudishia kama 0.15 tu. Pengo ni 0.73.

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Shamba la muuzaji likiwa katika halmashauri jirani, kila yuniti inahesabiwa 0.75, kwa hiyo utanunua 0.97 badala ya 0.73. Mbali zaidi ni 0.5. Ukikimbilia krediti zinazouzwa na serikali ukikosa yuniti, unalipa krediti mbili kwa kila yuniti, na krediti ya bei ya chini kabisa ni pauni 42,000: pengo hilo hilo linazidi pauni 61,000! Na ukikata ua wa miti, yuniti za nyasi hazikufai. Unahitaji yuniti za ua.

Kabla ya kulipa, hakikisha shamba limesajiliwa katika rejista ya Natural England, wakala wa serikali wa mazingira asilia, na lina mkataba wa kisheria wa kulitunza miaka 30. Kisha yuniti zako ziandikwe katika rejista hiyo kwa namba ya kibali chako cha ujenzi. Halmashauri ina wiki 8 kuamua mpango wako wa kuongeza bayoanuwai, na kabla haijaukubali hata msingi usichimbe.