Konokono Hakuzaliwa na Kichocho

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu alirudi shuleni na habari kwamba wamemezeshwa dawa za kichocho. Walipimwa urefu kwenye fimbo yenye alama, kila mmoja akahesabiwa vidonge vyake. Saa nane mchana nikamkuta na wenzake ndani ya dimbwi la machimbo ya mchanga huku kwetu Mbagala, maji yamewafika kifuani. Watu wazima waliokuwa kando wakaanza: konokono wamwagiwe sumu, watoto wachapwe.

Naomba tumwache kwanza konokono. Kichocho anakipata kwetu. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo ya kichocho yanaanguliwa, na vile vibuu vina kama siku moja tu ya kumpata konokono. Visipompata vinakufa. Mkojo usipofika majini, konokono hana cha kumpa mtoto.

Sasa nenda bondeni kwenye bustani za mchicha. Kina mama wanachota maji tangu alfajiri, miguu mitupu ndani ya mfereji. Nilimuuliza mmoja anajisaidia wapi, akanionyesha matete, hatua kumi kutoka anapochotea. Ningekuwa yeye, ningekwenda hapohapo, maana choo hakuna! Na mfereji wenyewe umesimama. Maji ya kasi yangemsomba konokono, lakini tumeyaziba kwa mifuko ya taka na magugu, mchanga tumechimba tukaacha mashimo. Makazi yake tumeyaandaa sisi.

Dawa inafanya kazi, hilo sibishi. Inaua minyoo iliyokomaa. Lakini haimkingi mtoto anayerudi majini, tena saa za jua kali, wakati konokono wa kichocho cha mkojo anapomwaga kwa wingi vibuu vingine, vile vinavyopenya ngozi ya mtu. Sumu nayo inaua hadi samaki, na kiangazi konokono hujizika kwenye tope, mvua zikirudi wanaibuka.

Kinachoniuma zaidi ni wale kina mama. Kichocho kinaweza kuumiza hadi njia ya uzazi. Mwanamke anatokwa damu, anadhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, ananyamaza kwa aibu. Ugonjwa kaupata akimwagilia mboga tunayokula sisi.

Mkutano wa mtaa ni Jumamosi. Nitasimama kuomba matundu mawili ya choo pale bustanini, viatu vya mpira kwa wamwagiliaji, na bomba moja karibu na dimbwi watoto waogee.