K Tatu Tu

Ukipita Kibuye, hapa Kisumu, ukaniona mlangoni na wino hadi kiwikoni, usidhani nina biashara. Mimi ni ukuta tu, kati ya baba yangu na binti yangu.

Kushoto ni mashine ya kuchapa ya Mzee. Unaikanyaga kwa mguu kama cherehani, na herufi zake za risasi unazipanga moja moja, kinyumenyume, mpaka unazoea kusoma kama unasoma kwenye kioo. Kulia ni mashine ya kidijitali ya binti, ambayo mkopo wake bado tunaulipa. Ya Mzee haijawahi kuomba kitu ila mafuta. Ya binti ikipaliwa na vumbi kidogo inagoma na kudai fundi, na fundi wake yuko Nairobi.

Zamani tulilelewa na vitabu vya risiti. Nakala nyeupe, ya njano, ya waridi, na kile kidude cha namba kinachojisogeza kila risiti ikipigwa chapa. Siku moja kikakwama bila kutuambia. Muuza mbegu akarudi na kitabu kizima cha risiti namba 347, anauliza ni mteja gani huyu alinunua mahindi mara hamsini. Sasa hata wateja hao wamepungua. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ina shida kwenye hesabu ya kodi, kwa hiyo kitabu cha Mzee kimebaki cha kuandikia madeni.

Tumebaki na wafu. Mungu anisamehe, lakini huku kwetu mazishi ni Jumamosi, na kamati ya mazishi hukumbuka programu, kile kijitabu cha ratiba ya mazishi, Ijumaa jioni.

Picha inakuja kwa WhatsApp, imezunguka makundi saba, imechoka kuliko marehemu mwenyewe. Marehemu yuko harusini, mkono wa mtu uko begani mwake. "Toa huo mkono." Binti anautoa. "Sasa bega limeenda wapi?" Binti anashona bega. Ikichapwa, shati la buluu limekuwa zambarau. Nieleze mara ngapi kwamba simu hutengeneza rangi kwa mwanga, na sisi tunachanganya wino? Mjomba wa marehemu anapiga meza: "Ndugu yangu hakuwahi kuvaa zambarau akiwa hai!"

Ijumaa iliyopita mambo yalikuwa mazuri hata nikaogopa. Saa nne usiku, programu 200 zimekunjwa, zimepigwa pini. Gari la kwenda Siaya linaondoka alfajiri. Nikaagiza chai.

Mlango ukagongwa. Mama mmoja, kitambaa kichwani, mtulivu kama kadhi.

"Mwanangu, nimesikia mnachapa programu ya mume wangu."

Nikafungua ukurasa wa familia. Mjane aliyeandikwa pale hakuwa yeye. Nikamwangalia mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti akaangalia dari.

"Sisi ni nyumba ya pili," mama akasema. "Na watoto wangu waandikwe."

Binti akasema hakuna shida, dakika kumi tu, anachapa karatasi ya nyongeza. Akabonyeza kitufe, na Kibuye nzima ikawa giza. Stima imepotea.

Mngemuona Mzee! Miaka mitano anangoja usiku huu. Akawasha taa ya mafuta, akafunga aproni, akavuta kasha la herufi kubwa, maana majina ya familia kwake ni herufi kubwa tu, hata ya mtoto mchanga.

"Mama, nitajie."

"Kevin. Kennedy. Kezia."

Mzee akapunguza mwendo. Kasha hilo lilipangiwa Kiingereza, lugha isiyo na haja kubwa na K. Zilizokuja na mashine zilikuwa chache, nyingine zimekatika, mbili nilizichezea utotoni, na bado nakumbushwa. Zimebaki tatu.

"Na wa mwisho, Kizito."

Kimya. Mguu wa Mzee ukatulia juu ya kikanyagio. Binti alikuwa gizani, lakini nilisikia anavyocheka kwa pua.

"Mama," Mzee akasema kwa heshima zote, "huyu wa mwisho hana jina la nyumbani tukamwandika kwa hilo?"

"Analo, baba."

"Anaitwa nani?"

"Okoth."