Wote Isipokuwa Shangazi

Ninavyoandika haya simu nimeilaza kifudifudi mezani, na bado inatetemeka kama mtu mwenye homa. Siipokei. Ni shangazi. Na kama si shangazi, ni mtu aliyetumwa na shangazi.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa vijembe. Ni mtu mzima, nina heshima zangu, na stetasi zangu za WhatsApp siku zote ni za kistaarabu: jua likizama, "Ijumaa njema", na ile picha yangu ya suti, ya enzi suti ilipokuwa bado inakubali kufungwa vifungo. Lakini jana jioni nilijaa. Ndani ya saa moja walinipigia watu watatu, na wote walianza na "za siku nyingi". Mtu akishaanza na "za siku nyingi" unajua kinachofuata. Nikaandika, herufi nyeupe juu ya rangi nyekundu: "Kuna watu simu yao ikiita, shika mfuko kwanza ndipo upokee." Nikamalizia na kale kasura kanakocheka mpaka machozi, ionekane ni utani.

Sasa, kijembe hakirushwi hivi hivi. Kwanza unawatoa wahusika. Najua utauliza, kijembe ambacho mhusika hakioni kina faida gani? Usiniulize. Kuna raha yake kumsema mtu mbele ya watu 300 wasiomjua. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaenda kwenye faragha, nikakuta milango mitatu: waasiliani wangu, waasiliani wangu isipokuwa, na shiriki na hawa tu. Waasiliani! Sijawahi kumsikia binadamu akilitamka neno hilo kwa mdomo wake. Nani amewahi kusema "huyu ni muasiliani wangu, tumesoma naye"? Haya. Nikavaa miwani, nikaanza kuchagua.

Ilinichukua dakika 40. Shangazi, wa kwanza, bila mjadala. Bosi, kwa kuwa nilishamwambia sauti imekauka na daktari kanikataza kusema, na sikuwa na uhakika kama kukatazwa kusema kunahusu na kuandika. Mwenye nyumba. Shemeji zangu wawili, maana huwezi kumtoa mmoja ukamwacha mwingine, wale wanaishi pamoja na kuonyeshana kila kitu. Mzee mmoja wa grupu la michango. Mtu niliyemhifadhi kwa jina la "Usipokee". Na "Usipokee 2", ambaye ni yule yule wa kwanza kwa laini mpya. Jumla watu 23. Nikawatia tiki mmoja mmoja, polepole, kama karani wa uchaguzi. Ilikuwa saa tatu usiku nilipokirusha, nikalala usingizi wa mtu aliyefunga mlango kwa komeo.

Saa kumi na mbili asubuhi nikafungua nione waliotazama. Watu 23.

Wewe umeshaelewa. Mimi ilinichukua muda. Kwanza niliwalaumu wale wengine 300, nikasema watu siku hizi wanalala mapema. Kisha nikasoma majina. Shangazi. Bosi. Mwenye nyumba. Usipokee. Usipokee 2. Hapo ndipo miguu ilipoishiwa nguvu. Nilikuwa nimeingia mlango wa tatu. Yaani nimekaa dakika 40, na miwani, nikiwachambua kwa uangalifu wote wale ninaowasema, halafu nikawaalika wao peke yao, kama wageni wa heshima, waje wanisikilize ninavyowasema.

Nikakimbilia kubadilisha. Simu ikanieleza, kwa adabu kabisa, kwamba mabadiliko haya hayahusu stetasi zilizokwisha kuwekwa. Stetasi inaishi saa 24. Yangu ilibakiza 15, na ilikuwa na afya njema. Nikaifuta. Lakini kufuta kitu kilichokwisha kuonwa na wote uliowakusudia ni sawa na kumfuata mtu uliyemtukana ukamwambia akurudishie tusi lako.

Simu ikaita. Nikajikuta nimeshika mfuko.

"Shikamoo, shangazi."

Kimya. Nikasubiri marahaba yangu, haikuja.

"Umeshashika mfuko, mwanangu?"

"Shangazi, ile haikuwa yako."

"Ilikuwa ya nani?"

Angalia mtego huo. Jina lolote nitakalotaja litafika kwa mwenyewe kabla sijakata simu. "Ya watu tu," nikasema.

"Watu gani?"

"Wa jumla."

"Wa jumla." Akalitafuna neno hilo kidogo. "Mbona mama yako mdogo hajaiona? Nimemuuliza. Binamu zako hawajaiona. Mkeo, unayelala naye kitanda kimoja, hajaiona. Katika ukoo mzima tumeiona mimi na shemeji zako wawili."

"Mtandao, shangazi. Jana mtandao ulikuwa unasumbua sana."

"Ulisumbua, ukachagua?"

Jamani, mwanamke huyu mimi ndiye niliyemfundisha kufungua stetasi. Kwa mkono wangu! Nilimshika kidole nikamwambia hapa unabonyeza, hapa unatelezesha, na hapa usiguse. Alikuwa akishika simu kama anashika yai. Leo ananihoji kama fundi wa mitambo.

"Mtoto wa shemeji yako ametufungulia tukaona," akaendelea. "Kuna mahali pa 'shiriki na hawa tu'. Kwa hiyo wewe ulikaa chini ukatuchagua."

"Nilikuwa nawatoa, shangazi!"

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ni ile hali ya mtu anayezama na kushika hata moto.

"Ahaa," akasema. "Ulikuwa unatutoa. Kumbe huwa unatutoa. Na harusi ile ya binti yako, ambayo sikuona picha hata moja, nako mtandao ulisumbua?"

Nikanyamaza. Ile nilimtoa kwa mikono miwili.

"Basi usijali," akasema, kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko kelele. "Tumefungua grupu."

"Grupu la nini?"

"La tuliochaguliwa. Bosi wako tumempata kupitia kwa mwenye nyumba wako, wanafahamiana. Mtu mstaarabu sana, tumempa uadmini. Anauliza sauti imerudi?"

Akakata. Tangu hapo simu haijapumzika.

Sikatai kwamba kosa ni langu. Ila na mimi niachwe nipumue, maana hata wenye mitandao yao huteleza. Mwaka 2018, mwezi Mei, Facebook walikuwa na hitilafu iliyofanya posti mpya za watu milioni 14 zipendekezwe kwenda kwa umma badala ya kwa wale ambao mwenyewe huwa anawachagua. Milioni 14! Wakatoa maelezo, wakaomba radhi, wakaendelea na kazi zao. Hakuna aliyewaambia washike mfuko. Mimi nimekosea kwa watu 23 tu, tena wote nawajua kwa majina, isipokuwa wale wawili ambao ni mmoja.

Na hii kazi ya kuwapanga watu imewashinda wakubwa. Google+ walikuja mwaka 2011 na miduara yao, huku ndugu, kule wa kazini. Kufika 2019 wakaifungia watu. Twitter nao wakaleta mduara wao 2022, mwaka uliofuata ukazikwa. Kila anayechora mduara anafunga duka. Mimi ningewaambia mapema: shemeji haingii kwenye mduara. Shemeji yuko kwenye miduara yote.

Kule Facebook nako unaweka posti ya marafiki tu, halafu unamtagi rafiki yako mmoja, marafiki zake nao wanaiona, na katikati yao ameketi yule yule uliyekuwa unamkwepa. Basi nikasema nitumie "Mimi Tu". Jioni hii nimeweka posti ndefu, yenye busara, inayoonekana na mimi peke yangu. Nimekaa robo saa nikingoja laiki. Nikaipa mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi hata si shangazi. Nilikuwa namlalamikia mke wangu, naye amekaa pale anachezea simu yake. Nikamwambia, mtu mwenye akili katika familia yetu ni kaka. Mtazame kaka! Katulia. Miezi minne hajaweka stetasi hata moja, hana makuu, hana vijembe, ndiyo maana hana ugomvi na mtu.

Mke wangu akainua macho. "Kaka yako yupi?"

"Nina wangapi?"

"Leo tu ameweka saba."

Nikacheka. Akanigeuzia simu. Kweli, saba. Kaka amevaa kofia, kaka anacheka, kaka yuko na watu ambao baadhi yao ni binamu zangu na mmoja ni shemeji. Ya nne haikuwa picha. Ilikuwa maandishi, herufi nyeupe juu ya nyekundu, inaanza na "Kuna watu ukiwapigia…" na kabla sijamaliza ikapita, maana hizi stetasi hazina subira na wazee wa miwani.

Nikamwomba anipe hiyo simu niirudie taratibu. Akaivuta kifuani. Akasema nimsubiri kidogo tu, kuna kitu anarekebisha kwenye mipangilio.