Ujasiri wa Chung Ju-yung ulikuwa na mdhamini

Kwenye semina za ujasiriamali, hadithi za matajiri wa Asia hazikosekani, na nyingi zina mwendo mmoja: alizaliwa fukara, akathubutu, akatajirika. Nachagua ya Chung Ju-yung, mwanzilishi wa Hyundai, kwa sababu sehemu kubwa yake ni kweli, na ndiyo maana inapoteza watu.

Chung alizaliwa mwaka 1915, mtoto wa kwanza wa mkulima maskini, katika kijiji ambacho leo kiko Korea Kaskazini. Alitoroka nyumbani zaidi ya mara moja. Safari mojawapo aliondoka na fedha ambazo baba yake alipata kwa kuuza ng'ombe. Akafanya kazi kwenye duka la mchele Seoul hadi likawa lake, kisha mwaka 1940 akafungua gereji ya magari. Mwaka 1998, akiwa mzee wa miaka 82, alivuka mpaka wa Panmunjom na malori yaliyobeba ng'ombe 500 kuwapelekea watu wa Kaskazini. Baadaye mwaka huohuo akapeleka 501 wengine. Alisema analipa deni la yule mmoja.

Lakini kinachosimuliwa zaidi ni safari yake ya London mwaka 1971. Alikwenda kutafuta fedha za kujenga kiwanda cha meli Ulsan, Korea Kusini, mahali palipokuwa na ufukwe na nyumba chache tu. Kwa simulizi yake mwenyewe, alipoona wanasita kumkubalia alitoa mfukoni noti ya won 500 yenye picha ya meli ya kasa, meli ya kivita ya Wakorea ya karne ya 16, akamwambia mwenyeji wake kwamba taifa lake lilijua kuunda meli za namna hiyo zamani sana. Kisha akampata tajiri wa meli wa Kigiriki, George Livanos, aliyeagiza meli mbili za mafuta, kila moja yenye uwezo wa kubeba tani zipatazo 260,000, kutoka kwenye kiwanda ambacho hakikuwepo. Ujenzi ulianza Machi 1972. Chelezo kilichimbwa huku meli zikiundwa, na Juni 1974 kiwanda kilizinduliwa.

Wengi huishia hapo, wakatuambia tuthubutu. Wanachoacha ni kwamba nyuma ya ile noti kulikuwa na serikali ya Korea Kusini iliyodhamini mkopo. Rais Park Chung-hee, aliyetwaa madaraka kijeshi mwaka 1961, aliziweka benki mikononi mwa dola na kuelekeza mikopo nafuu kwa kampuni alizozichagua. Kuna wakati riba ilikuwa chini ya mfumuko wa bei, yaani mkopaji alilipwa kwa kukopa. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na wateja wakakataa meli, Hyundai ilizichukua ikaanzisha kampuni yake ya usafirishaji, na serikali ikahakikisha mafuta yanayoingia Korea yanabebwa na meli za Wakorea. Huyo si mtu aliyeruka bila wavu.

Je, basi sifa zote ni za dola? Hapana, na hapa nawapinga wanaosema Chung alikuwa kipenzi cha Ikulu tu. Mikopo ile haikuwa sadaka. Kampuni zilipangiwa malengo ya kuuza nje, na Park mwenyewe alikaa kwenye vikao vya kila mwezi kuyafuatilia. Waliokopeshwa walikuwa wengi, na wapo waliofilisika. Mwaka 1976 Hyundai ilishinda zabuni ya bandari ya Jubail, Saudi Arabia, ya takriban dola milioni 930. Vyuma vikubwa vya gati viliundwa Ulsan, vikapakiwa kwenye matishari na kukokotwa kwa bahari hadi Ghuba. Uamuzi huo haukutoka wizarani. Ni wa fundi anayejua kazi yake na gharama zake, na ndio ningependa vijana waujue kuliko ile noti.

Upande wa tatu ni wa wafanyakazi. Mwaka 1987, migomo ilipolipuka Ulsan, madai yao hayakuwa mshahara na haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi peke yake. Walidai pia uhuru wa nywele zao, kwa kuwa walinzi wa getini walikuwa wakiwakagua urefu wa nywele kama wanajeshi kambini. Watu wazima, wenye familia, walioijenga Hyundai kwa mikono yao. Kiongozi anayesifiwa kwa nidhamu ya kampuni yake lazima asomwe pamoja na geti hilo.

Ujasiri peke yake unapimwa vizuri kwa Kim Woo-choong wa Daewoo, kampuni nyingine kubwa ya Korea Kusini. Naye alianza padogo, mwaka 1967, naye alithubutu, akakopa na kupanuka hadi mabara mengine. Mwaka 1999 Daewoo ilianguka ikiwa na madeni ya makumi ya mabilioni ya dola. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka 10, ingawa baadaye alisamehewa. Hasara ya madeni yale iliangukia pia fedha za umma.

Leo abiria wa Dar es Salaam na Dodoma wanapanda treni ya mchongoko iliyoundwa na Hyundai Rotem, kwa hiyo matunda ya historia hii tunayatumia. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeambiwa athubutu hana hazina ya taifa nyuma yake. Mara nyingi ana hati ya kiwanja cha familia iliyolala benki. Kumpa nusu ya hadithi ni kumponza. Na kwa upande wa serikali, tunayo mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mjadala wetu karibu wote ni nani amepata na nani hajarejesha. Ni nadra kusikia diwani akiuliza kikundi kimezalisha nini, kimejifunza kutengeneza nini ambacho mwaka jana hakikukiweza, na nani nje ya wilaya amenunua bidhaa zake.