Clinton Bado Kashika Glasi

Hivi jamani kuna mtu ameshawahi kumaliza hadithi ya Kiswahili? Kuimaliza kabisa, muuaji anajulikana, anayeolewa anaolewa, unafunika kitabu unalala. Mi nina miaka 44, nasoma tangu darasa la tatu, na leo saa mbili kasoro asubuhi nimeshuka daladala hapa Dar, kituo cha Karume, sijui kama mtu kafa au hajafa.

Lawama ni za simulizi. Mnazijua, jamaa anajifungia chumbani anasoma riwaya kwenye simu, sauti nzito utadhani anatangaza msiba, wahusika wote anafanya yeye, mzee wa miaka 80 na binti wa chuo wanatofautiana kikohozi tu. Hadithi iko Masaki ghorofa ya tisa lakini nyuma jogoo anawika. Sehemu ya 12 kuna mtoto akalia, nikajua huyu ndiye mrithi aliyefichwa, nikamsubiri sehemu saba nzima wamtaje, kumbe mtoto wa msomaji, alikuwa na njaa zake.

Ila inanoga, siwezi kukataa. Foleni ya Gongo la Mboto bila simulizi ningeshapigana na mtu.

Sasa leo nimepata siti ya dirishani, jambo la kuandikwa kwenye historia ya ukoo, nikavaa hedifoni zangu za elfu tatu ambazo zina wiki moja kwa hiyo masikio yote mawili bado yanaongea. Nimekaa kiungwana kabisa, mtu na utulivu wake. Pembeni kakaa mama mmoja na ndoo ya vitumbua mapajani, ananiangalia. Mimi kumbe natikisa kichwa peke yangu.

"Mwanangu, umefiwa?"

"Hapana mama, nasikiliza hadithi. Kuna kijana anaitwa Clinton, mama wa kambo kamtilia sumu kwenye juisi kisa urithi."

"Hebu nilete sikio moja."

Utakataa? Umri wa mama yangu yule. Nikampa. Tatizo mtu akivaa hedifoni hajui kwamba anapiga kelele, tumefika kituo cha Mombasa pale Ukonga mama akalipuka, "MSHENZI HUYU MWANAMKE! NA SALA ANASALI!" Gari zima likageuka kuniangalia mimi. Dereva akazima redio. Nikaanza kuelezea kwa heshima, kutoka juisi nikarudi urithi, kutoka urithi nikarudi marehemu mzee, mpaka konda akachoka, "Mzee chomoa waya tusikie wote." Nikachomoa.

Kuanzia Banana mpaka Airport Kosta haikutoa hata chafya. Waliosimama wamesimama kwa adabu, konda kasahau kuita abiria, kituo kimoja tumepitiliza na mwenye kituo chake hakulalamika. Clinton kashika glasi. Kaisogeza. Mdomo umegusa ukingo wa glasi, mara mlango ukafunguliwa, na aliyeingia hakuwa mwingine bali...

"ITAENDELEA! Kupata sehemu ya 38 mpaka 60 lipia shilingi 2,000 tu, usisahau kulike na kushare."

Nyie! Kelele zilizopigwa pale Jet siwezi kuziandika. Wote wananiangalia kama mimi ndo nimefunga ule mlango. Konda akasema tulieni, steringi hafi. Dada mmoja wa siti ya nyuma akasema steringi ni Jackline, Clinton ni wa kufa ndiyo maana alipewa gari zuri mapema. Mara baba mmoja wa suti, begi la ngozi, makaratasi mkononi tangu Gongo la Mboto, akasafisha koo akasema, "Jackline mwenyewe si mtoto wa yule mzee." Kimya. Kumbe kafika sehemu ya 31, anasikiliza kwa siri, nyumbani wanajua anasikiliza taarifa ya habari.

Mama akageuza kifuniko cha ndoo, "Kila mtu mia." Nimewahi kukusanya michango ya harusi miezi minne nikapata kadi za pole, huyu mama kati ya Jet na Tazara kakusanya elfu moja na mia tisa! Mia ya mwisho konda katoa kwenye chenji ya abiria ambaye bado anaidai. Pesa ya sarafu haitumwi kwa simu, basi mimi nitume yangu, wao wanipe kifuniko. Makato juu yangu. Mama akaniongezea vitumbua viwili vya usumbufu. Naweka namba, jina linakuja la mwanamke, gari zima wakasema mke wa msomaji huyo, mama akasema ndiye mwenye akili mle ndani. Nikatuma. Chini ya flaiova ya Tazara tumekaa tunasubiri jibu, ile barabara ya juu ya kukimbiza magari tangu 2018, leo tukaishukuru foleni.

Jibu likaja Buguruni. "Asante mdau. Sehemu ya 38 bado hatujarekodi, umeme ulikatika. Endelea kuwa nasi."

Mama akaniangalia taratiiibu. "Mwanangu, nirudishie mia yangu."

Mimi! Mimi ndo nirudishe! Na wakaja kweli, mmoja mmoja, wengine nina uhakika hawakuchanga. Zikaisha sarafu zote, baba wa suti akakosa akaandika namba yangu, na mama akanidai mia nne ya vitumbua maana vilikuwa vya usumbufu na usumbufu wenyewe naona haukufanyika.

Halafu mtu ananiambia rudi kwenye vitabu vya karatasi. Vitabu gani? Willy Gamba, yule jasusi wa Musiba, nilirithi kwa baba mdogo, kurasa za mwisho zimefungia karanga, mpaka leo jamaa kaelekeza bastola na mimi namzeekea. Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, kile kitabu cha 1960, niliazima shuleni nikakuta aliyenitangulia kaandika ukurasa wa kwanza kwa kalamu nyekundu muuaji ni nani, na msitari kapiga kwa rula. Gurnah alipopata Nobel 2021 sote tukawa ndugu zake, 2022 riwaya yake "Peponi" ikatoka kwa Kiswahili nikanunua, nikiwa ukurasa wa 60 shemeji akaazima siku mbili. Shemeji sasa hivi yuko Tunduma. Nilichomaliza kwa jasho langu ni "Nagona" ya Kezilahabi, chembamba kama daftari la mahudhurio, nimekimaliza mara tatu na chenyewe hakijaniisha.

Nikajaribu na lile roboti la kwenye simu linalosoma PDF. Likifika kwenye ng'ombe linakwama kama gari kwenye tope, namba za kurasa linasoma katikati ya mahaba, "akamkumbatia themanini na saba kwa nguvu zote". Nikafuta.

Nimefika kazini nimechelewa, simu inaita, namba ngeni. "Vipi, kanywa?" Nikakata. Nyingine. "Baba, aliyefungua mlango nani?" Nikakata. Baba wa suti katuma ujumbe rasmi kabisa, na salamu, anakumbushia mia yake. Ya tano nikapokea kwa hasira, kumbe mama wa vitumbua. Clinton hata hakumuulizia. Anasema nimeondoka na kifuniko cha ndoo yake na nzi wameanza.

Kweli, kipo kwenye begi. Nimekiweka mezani hapa nakiangalia, cheupe, safi, nikakigeuza nikasoma maandishi ya juu. Rangi ya ukuta, lita 20.

Na vile viwili nilishakula.