Mwanangu anatafutwa, mdogo wangu hakutafutwa na mtu

Wiki iliyopita simu yangu iliita mara tatu nikiwa kazini. Namba iliyofichwa, sikupokea. Ikaja meseji, sikuisoma. Siku ya nne ikaita tena, nikapokea nikiwa nimeshakasirika. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya selimundu, yaani siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Akasema binti yangu hakuletwa kwenye kipimo chake cha mwaka, akauliza kama tuko salama, na kama Alhamisi inanifaa. Nikamjibu kwa mkato: nilikuwa na zamu, Alhamisi tutakuja. Nikakata simu nimenuna, kwamba mtu mzima nafuatwafuatwa kama mtoro wa shule.

Niliposhuka ngazi kurudi kazini miguu ikaishiwa nguvu, nikakaa palepale. Nilikuwa nimeukumbuka mkono wa kushoto wa mdogo wangu.

Kipimo nilichokisahau ni ultrasaundi ya mishipa ya damu ya kichwani. Mtoto analala, wanampaka mafuta pembeni mwa paji la uso, wanapima damu inakwenda kwa kasi gani. Kasi ikizidi kiwango, maana yake mishipa imeanza kuziba na kiharusi kiko njiani, basi anaanzishiwa kuongezewa damu kwa ratiba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba kufanya hivyo kunapunguza hatari ya kiharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Hapa Uingereza mtoto mwenye selimundu anapimwa kila mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16. Mdogo wangu, kitindamimba wetu, naye ana selimundu; alianguka kwa kiharusi mwaka 2010 akiwa na miaka 9, kikauacha mkono wake wa kushoto dhaifu. Kipimo kilikuwa kimeshajulikana miaka 12. Mama yetu hakuwahi kukisikia, na hakuna aliyempigia simu, si kabla ya siku ile wala baada yake.

Sitaki kulinganisha majengo, mashine wala mashuka. Nataka kusema jambo moja tu, na naomba mnivumilie nalirudia: huku huduma inamtafuta mgonjwa, kwetu Tanzania mgonjwa anaitafuta huduma.

Nilipokuwa mjamzito walinipima damu, wakaona nina kinasaba cha selimundu, wakamwita na baba wa mtoto. Binti alipozaliwa, siku ya 5 mkunga alikuja nyumbani, akamchoma kisigino, akadondosha matone machache kwenye karatasi. Wiki ya nne muuguzi akabisha hodi na majibu mkononi. Mtoto alikuwa ananyonya vizuri, ananenepa, hana dalili hata moja. Kabla hajafikisha miezi 3 alikuwa anakunywa penisilini asubuhi na jioni, kwa sababu selimundu huiharibu bandama mapema, na mtoto asiye na bandama inayofanya kazi anaweza kuchukuliwa na homa ya mapafu au bakteria kwenye damu kwa siku moja tu.

Mdogo wangu alivimba vidole vya mikono na miguu akiwa na miezi 8. Waliolea mtoto wa selimundu wanajua kilichofuata. Tukaambiwa malaria. Malaria tena. Damu imepungua, leteni ndugu wa kuchangia. Maneno ya majirani juu ya mama. Aligunduliwa akiwa na miaka 4, na aligunduliwa kwa bahati: tulikutana na daktari mmoja aliyetazama macho ya njano akauliza, "Mama, huyu amewahi kupimwa siko seli?" Miaka 4 ya kulazwa na kutoka, mtu mmoja akauliza swali moja.

Sasa najua mtakachosema. "Umefika Ulaya unatudharau." Nimeshaambiwa hivyo kwenye kundi la familia, na kaka yangu mkubwa alinipigia kabisa kunikanya. Nisikilizeni basi. Mimi siwadharau wauguzi wa nyumbani, nawaheshimu kuliko wa huku. Kwetu muuguzi akimwona mtoto ameshika mapaja analia, anajua kabla hujafungua mdomo. Huku mwaka jana usiku nilimpeleka binti yangu idara ya dharura akiwa na maumivu ya mgongo na miguu, nikamkuta daktari kijana ambaye ilibidi nimweleze mimi ugonjwa wenyewe, nikiwa na barua ya mpango wa matibabu mkononi. Mwongozo wao wa mwaka 2012 unasema dawa ya maumivu itolewe ndani ya dakika 30. Tulikaa zaidi ya saa 2. Mtoto wa miaka 6 anauliza, "Mama, hawaniamini?" Sitausahau usiku ule.

Wala si mimi peke yangu. Aprili 2019 kijana wa miaka 21, Evan Nathan Smith, alifariki hospitalini London. Akiwa amelazwa kitandani, alipiga mwenyewe 999, namba ya dharura ya huku, kuomba oksijeni. Kikundi cha wabunge wa vyama vyote kilitoa ripoti Novemba 2021 kuhusu namna wagonjwa wa selimundu wanavyopuuzwa na kushukiwa kuwa wanatafuta mofini tu, ile dawa kali ya maumivu, na ripoti haikuficha kwamba rangi ya ngozi inahusika. Mtu mzima mwenye selimundu England bado anachangia gharama za dawa, kwa sababu orodha ya magonjwa yenye msamaha iliandikwa 1968 na selimundu haikuwekwa. Mwenye kisukari anayetumia dawa hachangii. Kwa hiyo msinipe pepo ya kuisifia, sijaiona.

Lakini hata katika ubaya huo, jina la binti yangu liko kwenye daftari la mtu. Akikosekana, kuna mtu kazi yake ni kuona kwamba amekosekana.

"Wao ni matajiri." Hapa ndipo ninapopandwa na hasira, kwa sababu jibu hili tunalitumia kulala usingizi. Utajiri gani uko kwenye penisilini? Mwaka 1986 ilishathibitishwa kwamba penisilini ya kunywa kila siku inawakinga watoto hawa na maambukizi yanayowaua wakiwa wadogo. Mwaka 1986! Mdogo wangu alikuwa hajazaliwa. Haidroksiurea, inayopunguza makali ya selimundu, ni dawa ya miaka mingi pia, kidonge cha kumeza, na wasiwasi kwamba labda haitawafaa watoto wa Afrika ulishajibiwa na utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ukachapishwa 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, hata malaria ikapungua, na vifo vikapungua. Watoto kama 600, weusi kama sisi, wenye mbu kama wetu.

Na msiniambie hatuwezi kuwachoma watoto visigino. Tunawachoma. Mama mwenye virusi vya UKIMWI akijifungua, mtoto anachukuliwa tone la damu kwenye karatasi akiwa na wiki kadhaa tu, karatasi inakauka, inasafirishwa hadi maabara, majibu yanarudi, na dawa hailipiwi. Tumefanya hivyo kwa miaka mingi, hadi vijijini. Wiki ya 6 kina mama wetu wako kwenye foleni ya chanjo na kadi ya kliniki mkononi, wachanga wao wamepimwa uzito, sindano imeshashikwa. Mama ameshakuja mwenyewe! Kinachokosekana ni tone moja la ziada na mtu wa kufuatilia majibu. Ghana walianza kuwapima wachanga Kumasi tangu miaka ya 1990. Hilo nalo ni la Wazungu?

England huzaliwa watoto kama 300 hivi kwa mwaka wenye ugonjwa huu. Tanzania, takriban 11,000. Kuna mtu aliniandikia kwamba ndiyo maana wao wanaweza, ni wachache. Nimelifikiria neno hilo siku nzima, na kuna ukweli ndani yake, kuwafuatilia 300 ni kazi ndogo. Lakini haliniingii akilini kwamba nchi yenye 300 inamjua kila mmoja kwa jina, na nchi yenye 11,000 inasubiri wajilete, wale watakaokuwa bado hai.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ujuzi tunao. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utafiti tangu 2004, Profesa Julie Makani na wenzake, na ni miongoni mwa makundi makubwa ya wagonjwa wa aina hii duniani yanayofuatiliwa sehemu moja. Nilipomwambia daktari bingwa wa binti yangu kwamba natoka Tanzania, akaanza kunieleza kuhusu Muhimbili kwa heshima kubwa. Nilijisikia mrefu siku ile. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma inapandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu. Nililia niliposoma, kwa furaha kabisa. Kisha nikampigia mama kumpa habari, akaniambia kwamba dirisha la dawa wiki ile lilikuwa halina hata foliki, kidonge cha kusaidia mwili kutengeneza damu, ameandikiwa akanunue nje.

Tunapandikiza uloto, na foliki hatuna. Mnataka nishangilie lipi kwanza?

"Wapime kabla ya kuoana." Hili huandikwa na watu wanaojiona wana hekima. Kupima ni vizuri, na mimi nawashauri vijana wapime wajue hali zao. Ila mtoto ameshazaliwa. Yupo. Ukimwambia mama yake kwamba angechagua mume mwingine umemtibu nini? Mama yangu amebebeshwa lawama hiyo miaka yote ya mdogo wangu, na watu ambao nao hawajui damu zao zina nini.

Na mnaodhani Waingereza walitoa haya kwa wema wao, hapana. Hapakuwa na kitu. Elizabeth Anionwu, muuguzi ambaye baba yake alikuwa Mnigeria, ndiye aliyekuwa muuguzi mshauri wa kwanza wa selimundu nchini humu, mwaka 1979, eneo la Brent, London. Yeye, kina mama na wagonjwa wenyewe walipiga kelele miaka zaidi ya 20 ndipo kila mtoto anayezaliwa England akaanza kupimwa, katikati ya miaka ya 2000. Waliambiwa ni ugonjwa wa wachache. Waliambiwa hakuna fedha. Simu iliyonikera wiki iliyopita ililipiwa na kelele zao.

Ndiyo maana sitanyamaza, hata kaka akinipigia tena. Mnasema nirudi kwanza ndipo niseme. Mdogo wangu yuko huko, hajawahi kuondoka, na amesema miaka yote. Nani amemsikiliza? Akiugua usiku bado mama anaanza kutafuta gari, halafu fedha, halafu watu wa kuchangia damu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023, na naiombea mema kwa moyo wangu wote. Lakini bima nayo inamsubiri mtu afike dirishani. Mtoto wa miezi 8 mwenye vidole vilivyovimba hawezi kwenda dirishani kusema ana selimundu.

Alhamisi tulikwenda. Binti alilala kitandani na mwanasesere wake, nusu saa ikaisha, kasi ya damu iko sawa, tuonane mwakani. Jioni nikampigia mdogo wangu, sikujua nitaanzia wapi, nikamweleza tu tulikotoka. Akauliza kinachukua muda gani. Nikamwambia nusu saa. Akakaa kimya, nikadhani mtandao umekatika.

"Nusu saa," akasema. Halafu akaniambia nimpe simu mpwa wake, anataka kumuuliza kama yale mafuta wanayopaka ni ya baridi.